Dira haijakosea, ndugu yangu: kilichosogea kimo ndani ya kiini cha dunia

Ndugu uliyeuliza kwa nini ramani ya bahari uliyoachiwa na marehemu baba yako haikubaliani na dira, nami yalinipata hayohayo nilipokuwa msaidizi wa nahodha katika chombo cha mizigo baina ya Tanga na Pemba. Ramani yetu ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 30, na katika duara lake la dira iliandikwa tofauti ya kaskazini halisi na kaskazini ya sumaku, yaani ile inayoonyeshwa na dira, pamoja na kiasi ambacho tofauti hiyo hubadilika kila mwaka. Nikazidisha kiasi hicho kwa miaka yote iliyopita, nikajiona hodari wa hesabu. Tulipolinganisha na alama mbili za nchi kavu, hesabu ilikataa. (Kwanza nililaumu chuma cha chombo, lakini tulipogeuza gubeti upande mwingine, kosa lilibaki lilelile.)

Dira hufuata sumaku ya dunia, lakini ndani ya dunia hamna pande la sumaku, kwa kuwa chuma kikipita nyuzijoto 770 hivi za sentigredi hupoteza usumaku, na kiini kina maelfu ya nyuzi. Kilichopo, tangu kina cha kilomita 2,900 hivi hadi 5,150, ni chuma na nikeli vilivyoyeyuka, vinavyopanda na kushuka kwa sababu kiini kinapoa. Mzunguko wa dunia huipinda mikondo hiyo, kama unavyoupinda upepo wa kusi, ambao ukishavuka ikweta huelekea Somalia ukitokea kusini-magharibi. Chuma hicho kinapotembea ndani ya uga wa sumaku (yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku hufanya kazi) huzalisha umeme, na umeme huo huurudishia uga nguvu. Wakati huohuo mkondo huukokota uga na kuukunja, mithili ya jarife, ule wavu mkubwa, lililoshikwa na maji, na hivyo dira nayo hubadili uelekeo. Mwendo wenyewe ni kama nusu milimita kwa sekunde, yaani kilomita kumi na kitu kwa mwaka.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba mkondo huo haubadili kasi. Ncha ya sumaku ya kaskazini, ambayo mvumbuzi Mwingereza James Clark Ross aliifikia huko Kanada mwaka 1831, ilienda polepole kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, kisha ikakimbilia upande wa Siberia kwa kilomita 50 hivi kwa mwaka. Ndiyo maana vielelezo vya uga wa dunia, yaani hesabu za kukadiria dira itaelekea wapi kila mahali, hutolewa upya kila miaka 5, na hata hivyo mwaka 2019 ilibidi kutoa kimoja kabla ya wakati wake.

Ramani ya mzee itundike ukutani. Ya kuvukia kwenda bandari ya Mkoani, Pemba, nunua mpya.