Swali na jibu: Tasnifu kuhusu namna wakulima wanavyosoma alama za picha kwenye chupa za viuatilifu

Swali: Ninasoma shahada ya uzamili ya usanifu wa michoro jijini Dar es Salaam. Ninataka kuandika tasnifu kuhusu jinsi hadhira inavyofasiri mawasiliano ya picha, na nimechagua lebo za viuatilifu kwa kuwa wazazi wangu wanalima nyanya Ilula, mkoani Iringa. Msimamizi wangu anasema mada bado ni pana na kwamba dodoso langu la maswali 40 halipimi kitu. Nianzie wapi?

Jibu: Msimamizi wako hajakuonea. Neno "kufasiri" limebeba maswali matatu ambayo dodoso lako, kwa jinsi unavyolieleza, huenda limeyachanganya: mtu anaona nini katika mchoro, anaelewa kwamba anaambiwa nini, na baada ya kuelewa anaamua nini. Kila swali lina njia yake ya kulipima, na tasnifu ya uzamili haiwezi kuyabeba yote kwa uzito ule ule. Chagua moja liwe mhimili, na mengine yakae pembeni.

Chukua mfano wa alama ya glavu. Mkulima wa kwanza anatazama mchoro na kusema ni mkono uliovimba. Huyo hakuona ulichotarajia aone. Wa pili anasema ni glavu, lakini anadhani zinauzwa pamoja na chupa. Wa tatu anajua fika kwamba anaambiwa avae glavu, ila anakueleza kwamba jua la saa sita halivumiliki na kwamba fedha ya glavu ni fedha ya mbegu. Ukiwahesabu wote watatu kuwa "hawakuelewa", utahitimisha kwamba mchoro ni mbaya, ilhali kwa yule wa tatu mchoro umefanya kazi yake yote. Hapa ndipo nadharia ya usimbaji na usimbuaji (namna mtumaji anavyoufunga ujumbe katika alama na mpokeaji anavyoufungua) ya Stuart Hall, mwanazuoni wa utamaduni na vyombo vya habari, aliyoitoa mwaka 1973, inapokufaa: alitofautisha msomaji anayeupokea ujumbe kama ulivyokusudiwa, anayeukubali kwa masharti yake, na anayeuelewa kisha akaukataa. Kumbuka tu kwamba Hall alikuwa akizungumzia televisheni na itikadi, si alama za tahadhari. Kwa hiyo itumie nadharia hiyo kuchambua maelezo ya mkulima wa tatu, na usiilazimishe kwa wa kwanza, ambaye tatizo lake ni la macho na mstari wa mchoro.

Kwa upande wa kupima uelewa, huna haja ya kubuni kipimo. Kiwango cha ISO 9186, cha Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO), kinaeleza namna ya kumwonyesha mtu alama, kumwachia aeleze maana kwa maneno yake, kisha kuyapanga majibu katika mafungu: sahihi, yasiyo sahihi, yaliyo kinyume kabisa cha maana, na ya asiyejua. Fungu la majibu yaliyo kinyume ndilo la kulikodolea macho. Kiwango cha Marekani cha ANSI Z535.3 kinataka angalau asilimia 85 ya majibu yawe sahihi, na yale yanayoweza kumtia mtu hatarini yasizidi asilimia 5. Mfano mzuri wa kuunukuu katika sura yako ya pili ni ule wa alama mpya ya mionzi iliyotangazwa mwaka 2007 na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki pamoja na ISO: ilijaribiwa kwa watu 1,650 katika nchi 11, Kenya ikiwamo, kwa sababu ile ya zamani yenye mabawa matatu haifanani na hatari yoyote. Kwa asiyefundishwa, si ajabu akaona feni.

Sasa nije kwenye maswali yenyewe, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Usiulize "Umeelewa?", kwani mzee wa watu atakujibu "ndiyo, mwanangu" kwa heshima tu, nawe utaandika takwimu safi isiyo na maana. Uliza kwanza "Unaona nini hapa?", unyamaze, uandike maneno yake jinsi yalivyo; kisha uliza "Hii inakuambia ufanye nini?" Chunga pia neno utakalotumia kuitaja chupa. Shambani hakuna anayesema kiuatilifu, watu husema dawa, na dawa kwa kawaida huponya. Mkulima anayeiita chupa ile "dawa ya nyanya" huenda akalisoma fuvu la kichwa kama onyo kwa wadudu. Sina hakika kama utaliona hilo Ilula, lakini ukiliona, lina thamani kuliko nusu ya dodoso lako.

Pima kwa chupa halisi, si kwa michoro iliyokuzwa kwenye karatasi. Niliwahi kufanya kosa hilo: kwenye karatasi kubwa karibu kila mtu alizitambua alama, lakini kwenye chupa zilikuwa ndogo kuliko ukucha, nami nilikuwa nimepima kitu kisichokuwapo sokoni. Isitoshe, mwongozo wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, huziweka alama za kuchanganya dawa upande wa kushoto wa utepe wa rangi ulio chini ya lebo na za kupulizia upande wa kulia, nao utepe wenyewe una rangi nyekundu, njano, bluu au kijani kulingana na ukali wa sumu. Mpangilio huo ni sarufi kamili ambayo huenda hakuna aliyemfundisha mkulima, na utepe wa kijani unaweza kusomeka kama "ya majani" badala ya daraja la sumu. Kama ningekuwa wewe, tasnifu nzima ningeijenga juu ya utepe huo mmoja. Kabla ya hapo, hakikisha watu wako huiona lebo: mkulima anayepimiwa dawa dukani katika chupa ya maji hana cha kufasiri.

Washiriki 50 kwa zoezi la alama na 12 kwa mahojiano marefu wanatosha. Barua za chuo zianze kutembea mapema, kuanzia mkoani hadi kwa mtendaji wa kijiji, kwa sababu msimu wa kupulizia haumsubiri mtu. Na chupa utakazowakabidhi washiriki mikononi ziwe mpya ambazo hazijawahi kutiwa dawa, zenye lebo halisi iliyobandikwa, si zile utakazookota pembeni mwa shamba.