Siku ya nane nilijiona nimepona

Mkuu, umesema una wiki ya tatu tangu ukutwe na Uviko, homa imeisha, lakini ukipanda ngazi unahema, harufu husikii, na kila ukipata siku nzuri inafuatwa na siku ya kulala tu. Ukauliza uanze mazoezi ili "mapafu yafunguke". Kwa kifupi: usianze. Sababu ni ndefu kidogo, vumilia.

Mimi si daktari. Niliugua tu katikati ya 2021, wakati ile aina ya kirusi iitwayo Delta imeenea, na nikafanya kosa lile lile mara mbili: kuamini ninavyojisikia.

Ilianza na mgongo. Nikadhani nimelala vibaya. Jioni homa ikapanda hadi 38.6, macho yanauma nikiyageuza, ngozi haitaki kuguswa hata na shuka. Kesho yake kikohozi kikavu. Siku ya tatu nikapima, majibu yakaja kama nilivyoogopa, nikajifungia chumba cha peke yangu. Mke wangu akawa ananiwekea sahani mlangoni, anagonga, anaondoka.

Siku ya nne nikapuliza manukato shingoni, maana nilihisi lazima nanuka ugonjwa. Sikusikia kitu. Nikajipulizia kiganjani na kukileta puani kabisa. Macho yakawasha, koo likawasha, harufu hakuna. Na pua ilikuwa wazi, hewa inapita bila shida. Kilichonitisha ni hicho. Mafua ya kawaida huiziba pua, ukaelewa kwa nini husikii. Huyu mdudu anashambulia chembe zinazozitunza neva za harufu juu kabisa ndani ya pua. Mlango uko wazi, ila waliokuwa wanahudumia ndani wamepigwa.

Siku ya saba homa ikaisha. Siku ya nane nikaamka mwepesi. Nikanyoa ndevu, nikaomba kompyuta, nikaanza kujibu jumbe za kazini. Nikamwambia mke wangu kupitia mlangoni kuwa mchezo umekwisha.

Yeye alikuwa ameazima kwa kaka yake kile kidude cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni. Akakisukuma chini ya mlango. "Weka kidole ndipo tuamini." Kikasoma 88. Nikasema kibovu. Nikasugua mikono ipate joto, nikabadili kidole: 87. Nikamrudishia ajipime yeye. Akapata 98.

"Kifaa kizima," akasema. "Kibovu ni wewe."

Nikabisha, kweli nilibisha, maana sikuwa nahisi kukosa pumzi hata kidogo. Akafungua mlango akiwa na barakoa, akasimama mbali, akaniambia niendelee kubisha. Kumbe alikuwa anahesabu mabega yangu. Nilikuwa napumua mara 30 kwa dakika, na kila maneno manne au matano nameza hewa. Sikujua. Nikaenda chooni na kurudi, kidude kikaonyesha 83.

Baadaye daktari alinieleza, na ningependa kila mtu alijue hili. Ile hali ya kubanwa pumzi husukumwa zaidi na hewa chafu, kabonidioksaidi, inapojaa kwenye damu. Uviko unaweza kuyaharibu mapafu kiasi kwamba oksijeni haiingii vizuri, huku hewa chafu ikiendelea kutoka. Ubongo haupigi kengele. Unashuka ngazi moja moja ukiwa unatabasamu na kujibu jumbe. Na wengi wa wanaozidiwa huzidiwa katika wiki ya pili, pale familia inapoanza kupumua.

Kwa hiyo usiuamini mwili peke yake, pima. Mtu mwenye mapafu salama husoma 95 kwenda juu. Ikishuka chini ya hapo na ikabaki, tafuta daktari. Ikifika 90 au chini, ni dharura, usisubiri asubuhi. Pima ukiwa umekaa, mkono una joto, ukucha hauna rangi, na usubiri namba itulie. Halafu jambo ambalo halisemwi vya kutosha: kwa watu wenye ngozi nyeusi vifaa hivi vinaweza kusoma juu kuliko hali ilivyo. Ukiona 93 usijifariji kwamba labda ni 95. Inaweza kuwa chini zaidi.

Nililazwa siku sita. Hospitali sitaisimulia sana, kulikuwa na kelele za mashine na usingizi wa vipande. Niliwekewa mirija ya oksijeni puani, sindano ya tumboni kila siku ya kuzuia damu isigande, na deksamethasoni. Dawa hii ya mwisho nataka niisemee. Ni ya zamani na ni rahisi, na mnamo Juni 2020 watafiti wa Uingereza walitangaza kuwa inapunguza vifo kwa wagonjwa wanaohitaji oksijeni. Wanaohitaji oksijeni, mkuu. Kwa asiyeihitaji haikuonyesha faida, na inaweza hata kudhuru, kwa sababu inapunguza makali ya kinga ya mwili wakati kinga bado inapigana na kirusi. Mtu anayeinunua siku ya pili ya homa "kujikinga" anawafunga mikono askari wake mwenyewe. Inapandisha na sukari. Mimi sina kisukari lakini walinitoboa kidole kila siku.

Kilichonisaidia kwa namna niliyoiona kwa macho yangu ni kulala kifudifudi. Ukilala chali, moyo na tumbo vinaikandamiza sehemu ya nyuma ya mapafu. Ukigeuka, sehemu hiyo inapata nafasi ya kujaa hewa. Nesi alinigeuza, akaweka mto chini ya kifua na mwingine chini ya nyonga, akanionyesha mashine: 89. Baada ya robo saa ilikuwa 93, na hakuna aliyegusa kitufe cha oksijeni. Shingo inauma, mate yanatoka, na ukilala usingizi unajigeuza bila kujua. Mzee wa kitanda cha jirani aliniona nimerudi chali usiku, akawa anagonga chuma cha kitanda chake kwa pete hadi nigeuke. Asubuhi nikamgongea yeye.

Sasa kosa la pili, ambalo ndilo lako.

Nilirudi nyumbani nikiwa na 96 nikikaa. Wiki moja nilitembea ndani ya nyumba tu. Siku moja nikaamka na nguvu, nikatembea kwa haraka nusu saa, nikarudi najisifu. Siku hiyo salama. Kesho yake salama kiasi. Keshokutwa nikashindwa kuinua mkono kuchana nywele. Siku tatu kitandani, kichwa kizito, koo linawasha kama ugonjwa umeanza upya. Nilipopata nafuu nikarudia, kwa kuwa "lazima nijikaze". Nikaanguka tena. Nikarudia mara ya tatu. Aliyegundua ni mke wangu, kwa sababu yeye alikuwa anaandika kwenye daftari nilichofanya kila siku. Akanionyesha: kila mstari wa kujisifu, ukihesabu siku mbili mbele, kuna neno moja tu, "amelala".

Uchovu huu si ule wa kawaida ambao ukijikaza unaisha. Deni linakuja siku moja au mbili baada ya kukopa, ndiyo maana hulioni. Siku yako nzuri ndiyo inayokuponza, maana unaitumia yote. Mimi nilianza kukatisha kila ninachofanya nikiwa bado nina nguvu ya kuendelea. Naoga nimekaa kwenye kigoda. Navaa nimekaa. Ngazi nazipanda nne, nasimama hata kama sijachoka, nazipanda nne. Pumzi inaingia kwa pua, inatoka taratibu kwa mdomo uliobanwa, kama unapuliza mshumaa utikisike bila kuzimika. Matembezi yalianza na dakika tano, na sikuongeza mpaka wiki nzima ipite bila kuanguka. Yalinichukua karibu miezi minne kurudi kwenye ile nusu saa.

Kuhusu swali lako la kama ni kawaida: wiki ya tatu bado ni mapema. Shirika la Afya Duniani, katika maelezo yake ya Oktoba 2021, linaizungumzia hali ya baada ya Uviko kwa kuangalia miezi mitatu tangu ulipoanza kuugua, dalili zikiwa zimedumu angalau miezi miwili na hakuna ugonjwa mwingine wa kuzieleza. Wengi hutoka kabla ya hapo. Lakini kuhema kwenye ngazi usikuache hivi hivi. Pima oksijeni umekaa, kisha simama na kukaa kwenye kiti kwa dakika moja mfululizo, pima tena. Kama ya umekaa ni nzuri ila baada ya dakika hiyo imeshuka kwa pointi 3 au zaidi, nenda ukaonwe. Na kama ukikaa tu tayari iko chini, hilo jaribio usilifanye kabisa, nenda hospitali. Vivyo hivyo ukiona maumivu ya kifua, mguu mmoja umevimba, unakohoa damu, au moyo unaenda mbio umekaa. Damu kuganda ni jambo la kweli katika ugonjwa huu, hata baada ya homa kuisha.

Harufu yangu ilirudi mwezi wa pili, na ilirudi imepotoka. Kahawa ilinuka mpira unaoungua. Mke wangu alibadilisha sabuni mara tatu kabla hajaelewa kuwa tatizo si sabuni. Nilikasirika, kumbe mara nyingi huko kupotoka ni neva zinajiunganisha upya. Nilifanya mazoezi ya kunusa: waridi, limau, karafuu na mkaratusi, kila kimoja kama sekunde 20, asubuhi na jioni, huku nikijilazimisha kukumbuka kinavyonukia. Yanachosha na matokeo ni ya miezi, si siku. Kwa sasa jihadhari na gesi na moshi, na chakula kilicholala mpe mwingine anuse kwanza.

Ukungu wa kichwani nao ulikuwepo, nasoma aya moja mara tatu. Mwezi wa tatu nywele zikaanza kutoka kwa mafungu bafuni. Hilo hutokea baada ya homa kali na kwangu zilirudi zenyewe.

Kwa hiyo mazoezi weka kando kwanza, tafuta daftari. Leo pima hizo namba mbili, ya kukaa na ya baada ya dakika moja, uziandike hapa. Andika pia ulifanya nini siku moja na siku mbili kabla hujaangushwa.