Chipu Kwanza, Dereva Baadaye: Ushauri kwa Wacheza Gofu wa Nakuru na Kisumu

Pita kwenye uwanja wa mazoezi Jumamosi asubuhi hapa Nakuru na utakuta watu wamejipanga mstari wakipiga dereva, fimbo ndefu ya kupeleka mpira mbali, mpaka jasho linawatiririka. Kando yao, kwenye grini ya mazoezi, yaani ile nyasi fupi yenye shimo na bendera, pengine yuko mtu mmoja tu na kedi wake, mbeba fimbo. Nikiambiwa niweke dau la nani atarudi na kadi nzuri, yenye mikwaju michache, pesa zangu naziweka kwa huyo wa kando.

Hesabu ni rahisi. Par 4, yaani shimo la mikwaju minne, inakutaka ufike grini kwa mikwaju miwili, kisha upige pati mbili za kuuviringisha mpira shimoni. Sisi wa hendikapu ya 18 kwenda juu, tunaozidisha kama mkwaju mmoja kila shimo, mara nyingi hatufiki. Tunaishia pembeni, hatua kumi au kumi na tano kutoka kwa bendera, na hapo ndipo bogi (mkwaju mmoja zaidi ya par) inapogeuka dabo (miwili zaidi), na dabo ikazaa mengine ambayo hata hatutaki kuyaandika.

Kwa hiyo anza na chipu ya chini, mkwaju mfupi wa kando ya grini, ule unaopaa kidogo kisha ukaviringika. Miguu ikaribiane, uzito uwe mguu wa mbele, mikono itangulie mpira kidogo, viganja vitulie. Usijaribu kuunyanyua mpira. Fimbo ina mwinamo wake, iache ifanye kazi. Kwenye grini tambarare, weji ya pichi, moja ya fimbo fupi zenye uso ulioinama sana, hupaisha mpira kama theluthi moja ya safari, theluthi mbili zilizobaki huviringika. Weji ya mchanga hugawa karibu nusu kwa nusu. Fimbo namba 8, yenye mwinamo mdogo zaidi, huruka robo tu, inayobaki ni mbio. Vipimo hivi hubadilika kulingana na mteremko na kasi ya grini, lakini ni pa kuanzia.

Sasa sikiliza jambo ambalo video za mtandaoni hazitakuambia. Nyingi hurekodiwa kwenye viwanja vya nyasi fupi na ardhi ngumu, ambako mtu hudundisha mpira nje ya grini ukajiendea wenyewe. Huku kwetu nyanda za juu, nyasi ya Kikuyu ni mwenyeji. Inatambaa, mashina yake ni mazito, na mpira ukidunda juu yake hufa papo hapo. Ndiyo maana kanuni yangu kuu ni kuangusha mpira ndani ya grini, hatua moja au mbili kupita ukingo, kisha nichague fimbo itakayouviringisha umbali uliobaki. Ni kwa sababu hiyo hiyo siwashauri watu kupiga pati kutoka nje ya grini, isipokuwa ukingo umekatwa chini kabisa.

Mazoezi yake hayana gharama. Tandika taulo dogo pale unapotaka mpira utue, kisha piga ukitumia fimbo tofauti. Lenga taulo na usiangalie shimo kabisa. Likishindikana, songa karibu. Na kabla ya kuanza, muulize msimamizi wa kilabu kama chipu zinaruhusiwa kwenye grini hiyo. Vilabu vingine havitaki kabisa.

Mpira ukizama ndani ya nyasi hizo ni kazi nyingine. Majani hushika shingo ya fimbo na uso wake ukajifunga, mpira ukaenda kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia. Fungua uso kidogo kabla ya kushika, kaza mkono wa juu kuliko kawaida, shuka kwa mkato zaidi, na usisimame katikati ya kipigo. Mpira hautatulia upesi ukifika, kwa hiyo ukubali utaviringika.

Kwenye bunka, lile shimo la mchanga, wengi wanapigana na mpira. Usiuguse. Unapiga mchanga kama sentimita tano nyuma yake, na huo mchanga ndio unaousukuma mpira nje. Chora mstari kwenye bunka ya mazoezi, usiweke mpira wowote, ujizoeze kuanzia mchanga kwenye mstari huo kila mara. Kwenye mchezo halisi huruhusiwi kugusa mchanga nyuma ya mpira wala wakati wa kujaribu kipigo, ni adhabu ya mikwaju miwili. Baada ya mvua za Aprili mchanga hushikamana ukawa mgumu, na tako pana la weji ya mchanga, yaani sehemu yake ya chini, hudunda juu yake. Hapo weji ya pichi huchimba vizuri zaidi. Na ukiona bunka imekushinda, tangu 2019 kanuni zinakuruhusu kudondosha mpira nje, nyuma yake, kwa adhabu ya mikwaju miwili.

Pichi, mkwaju wa kupaa ulio mrefu kuliko chipu, wa mita 30 hadi 50, nitaisema kwa ufupi: chagua utainua mikono hadi wapi, kiunoni au begani, na usipunguze kasi ukikaribia mpira. Ukitoka Kisumu, mita 1,130 hivi juu ya bahari, ukapanda Nakuru kwenye mita 1,850, fimbo ndefu zitakwenda mbali zaidi, lakini chipu haibadiliki kwa kiasi cha kukusumbua. Kinachobadilika ni ukavu. Januari na Februari ardhi hukauka na mpira hukimbia baada ya kutua, hivyo tua mapema zaidi. (Kisumu pia bado wanasimulia kanuni ya zamani ya mpira uliotua karibu na kiboko. Wageni hucheka, lakini kanuni ya leo ya 16.2 kweli inakupa nafuu, yaani kuhamia mahali salama, bila adhabu mbele ya mnyama hatari.)

Ile ya kuupaisha mpira juu kwa weji yenye mwinamo wa nyuzi 60? Iache. Mpaka chipu ya chini ikukae mkononi, fimbo hiyo inakula nafasi tu katika zile 14 unazoruhusiwa kubeba.

Pati za mita moja na nusu zimalizie kazi, kwa kuwa chipu yako nzuri itakuacha hapo hapo. Shimo lina upana wa milimita 108, na utashangaa linavyoonekana dogo ukiwa na soda mezani. Cheza hivyo na kedi wako: kila mmoja achipu, kisha apige pati yake, anayeshindwa ananunua. Kedi wangu hutumia namba 9 peke yake kwa karibu kila kitu, na soda nyingi bado nanunua mimi.