Jinsi Kompozita Ilivyoniaibisha Roysambu

Juzi kijana mmoja wa Kahawa West aliniandikia: "Kaka, nimehama Windows. Niweke Hyprland ama KDE? Nataka gemu tu, na kazi za chuo kidogo." Swali la mstari mmoja, kuhusu kompozita, programu inayounganisha madirisha ya Linux kwenye skrini: Hyprland ni moja, na KDE ina yake. Nilianza kumjibu kwa mstari mmoja pia, halafu nikaikumbuka Jumamosi ile na kidonda kikafunguka upya. Basi jibu lake ndilo hili, lote. Na najua hayuko peke yake. Kama umefika hapa, wewe pia unataka gemu zikimbie vizuri kwenye Linux bila kuuza figo ununue mashine mpya.

Yangu ni kompyuta ya kasha niliyoiunga mwenyewe kwa vipande vya Luthuli, mtaa wa elektroniki wa Nairobi. Kadi ya picha ni RX 570 ya AMD, 4GB, mtumba, na sina shaka ilichimba sarafu za mtandaoni miaka kadhaa kabla ya kunifikia. Habari za kusakinisha sitakuchosha nazo. Zilikula wikendi mbili. Nikaishia kwenye Hyprland, na sababu ilikuwa moja tu: niliona video. Madirisha yanateleza kama samaki, nyuma kuna ukungu, pembe za duara. Nikanakili faili la mpangilio la mtu nisiyemjua, mistari mia nne na kitu, nusu yake sikuielewa. Juu yake nikaongeza saa ndogo inayoelea mbele ya kila dirisha. Ikumbuke hiyo saa.

Jumamosi ile, mwezi wa nne, kulikuwa na mashindano ya Tekken 8, gemu ya kupigana, Roysambu, ghorofa ya pili juu ya duka. Tulikuwa watu kama thelathini. Mwandalizi alikuwa na PlayStation mbili, akaomba mwenye mashine alete ya tatu ili mechi zisikawie. Nani alijitolea? Mimi, kifua mbele. Ukweli ni kwamba nilitaka waione. Na waliiona! Kabla ya mechi ya kwanza watu walijazana nyuma yangu nikirusha madirisha huku na huku. "Msee, hii ni Windows gani?" Hakuna swali tamu kama hilo.

Wakaketi wawili wa kwanza. Aliyeshindwa akasema mashine ina lagi. Nilicheka, maana kila anayepigwa hulaumu pedi. Lakini aliyeshinda naye akageuka: "Hii kitu ni nzito, boss. Nabonyeza, inafikiria kwanza." Mshindi akilalamika, hapo hakuna cha kujitetea. Nilitaka kusingizia televisheni, ila PlayStation zilikuwa kwenye televisheni za aina ileile. Mwandalizi akaja, akacheza raundi moja, akachomoa waya wa HDMI bila hata kuniangalia. "Wewe rudi nayo kwa maabara, sisi tucheze." Ukumbi mzima ulicheka. Nilipanda boda hadi Zimmerman, kasha mapajani, sikusema neno njia nzima. Hadi leo mwandalizi yule hajaniomba msamaha, na mimi sijasahau.

Sasa, kwa nini ilikuwa nzito? Kompozita ni programu inayokusanya picha za madirisha yote, inazipanga, kisha inaikabidhi skrini picha moja iliyokamilika. Ifikirie kama makanga wa matatu. Skrini ya hezi 60 huondoa gari kila milisekunde 16.7, lijae lisijae. Gemu imeshamaliza fremu yake na iko mlangoni, lakini makanga bado anapanga mizigo: ukungu, vivuli, pembe za duara. Gari linaondoka. Fremu yako inangoja linalofuata. Tekken huenda kwa fremu 60 kwa sekunde, na ngumi nyepesi kabisa hutoka kwa fremu 10. Kuchelewa fremu moja si mchezo.

Gemu ikijaza skrini nzima, kompozita iliyopangwa vizuri hujitoa njiani na kuipitisha fremu moja kwa moja hadi kwenye skrini, haiigusi. Lakini kukiwa na kitu kinachoelea juu ya gemu, kwa kawaida haiwezi kujitoa. Lazima ichanganye upya, kila fremu. Ile saa yangu!

Niliigundua kwa simu. Simu yangu hurekodi taratibu kwa fremu 240 kwa sekunde, kwa hiyo kila fremu ya video ni kama milisekunde 4. Nilielekeza kamera ionyeshe kidole changu na skrini kwa pamoja, nikabonyeza ngumi, nikahesabu fremu mpaka mkono wa mhusika uanze kusogea. Mara ishirini kwenye mpangilio wangu wa kifahari, mara ishirini kwenye KDE Plasma ikiwa kama ilivyotoka kiwandani. Plasma ilitangulia kwa fremu tano hivi za simu. Hiyo ni milisekunde ishirini, yaani zaidi ya fremu nzima ya Tekken. Nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu. Kosa halikuwa la Hyprland. Nilipofuta ile saa na kuzima madoido, pengo karibu lote liliisha. Kosa lilikuwa langu mimi niliyenakili nisichokielewa.

Kwa hiyo ushauri. Anza na kadi, usianze na video. AMD na Intel huendeshwa na Mesa, mkusanyiko wa draiva za picha za Linux, ni huria, na karibu kompozita zote hupatana nazo. Ukiwa na Nvidia, hakikisha draiva ni 555 au mpya zaidi. Hiyo ya 2024 ndiyo iliyoleta usawazishaji wa wazi kati ya kadi na kompozita, yaani kuambiana waziwazi fremu ikikamilika, na Plasma 6.1 (ndiyo KDE) pamoja na mwenzake GNOME 46.1 ziliupokea. Kabla ya hapo, gemu zinazopitia XWayland, daraja la programu za mfumo wa zamani wa madirisha, zilikuwa zikimetameta ovyo kwenye kadi hizo. Sway nayo, kompozita nyingine, kwa muda mrefu ilikataa kuwaka ukitumia draiva funge (isiyo huria) ya Nvidia mpaka uandike --unsupported-gpu. Ukiona mlango una maandishi kama hayo, soma kwanza.

Kama huna sababu nyingine, weka Plasma. Tangu toleo la 6, Februari 2024, hutumia Wayland, mfumo mpya wa madirisha wa Linux, bila kuulizwa, inazikubali monita zinazobadilisha kasi kufuata gemu, na inakuruhusu kuacha picha ichanike kidogo ili mkono uwe mwepesi. Steam Deck, mashine ya mkononi ya Valve, wenye duka la gemu la Steam, ukiitoa kwenye hali ya gemu unakutana na Plasma hiyohiyo.

Kisha Gamescope, ambayo wengi wanaielewa vibaya. Ni kompozita ndogo ya Valve inayoifungia gemu moja chumbani kwake. Gemu nzito kwa kadi yangu naziendesha hivi kwenye Steam: gamescope -w 1280 -h 720 -W 1920 -H 1080 -F fsr -f -- %command%. Herufi ndogo ni ukubwa ambao gemu inachora, herufi kubwa ni ukubwa wa skrini, na FSR inakuza picha kati ya hizo mbili. Ukizichanganya utashangaa usiku kucha, kama mimi. Ukiona picha imechafuka kwenye RX 570, 580 na ndugu zao wa zamani, hasa gemu za OpenGL, tanguliza R600_DEBUG=nodcc mwanzoni mwa amri hiyo. Lakini usiifunge kila gemu humo kama dawa ya minyoo. Usipohitaji kukuza picha au kubana kasi, iache.

Na upime. Nasema tena, pima! Simu unayo. Sisi wa Nairobi tuna ugonjwa wa kununua kitu kwa sura: matatu yenye taa nyingi tunaipanda hata kama breki zinalia. Mtu anaweka kompozita wiki nzima, anapiga picha ya skrini, anasifiwa, gemu yenyewe hajacheza. Nilikuwa huyo. Ukipanga mashine ili wengine waishangae, siku watakapoigusa watakuaibisha mbele ya watu thelathini. Acha kunakili faili la mtu usiyemjua. Soma mstari mmoja, uelewe, nenda wa pili. Pima tena.

Hayo yote nilimtumia yule kijana, na mwisho nikamuuliza kadi yake ni ipi. Jana usiku akanijibu kwa picha ya skrini. Hyprland. Ukungu, pembe za duara, na saa ndogo ikielea kwenye kona. Chini ameandika: "Lakini kaka, si ni safi?"

Ni safi, kusema kweli. Nimemwomba anitumie faili la mpangilio.