Majibu ni ya kwake: PSA ya mume wangu ilipoanza kupanda tena baada ya operesheni

Naanza na kosa langu maana ndo lililonifundisha kuliko kitu kingine chochote. Jioni moja meseji ya maabara iliingia kwenye simu yangu, siyo ya mume wangu, kwa sababu wakati wa operesheni mi ndo niliyekuwa najaza fomu zote na namba yangu ndo iliyokaa kwenye faili. Nikafungua. PSA 0.21, PSA ni kile kipimo cha damu cha kufuatilia saratani ya tezi dume. Yeye alikuwa chumba cha pili anapiga pasi shati la kesho yake, namsikia kabisa anavyonyunyizia maji, na mi nimesimama na ile namba mkononi. Nikafunga simu nikaenda kuongea nae mambo ya kawaida. Nilikaa nayo siku 2, najiambia nasubiri muda mzuri, na ndani ya hizo siku 2 nikamkumbatia mara nyingi kupita kawaida, nikamuuliza kama mgongo unauma, nikamwambia apumzike apumzike, mpaka usiku wa pili akakaa kitandani akaniuliza kwa upole, "Mama watoto, majibu yametoka eeh?"

Hakunigombeza. Alisema tu kwamba kwa siku 2 mwili ni wake lakini habari zake ninazo mimi, na hilo limemuuma kuliko namba yenyewe. Sijawahi kulisahau. Kwa hiyo kama mwenzio anasubiri majibu, muulizeni mapema kabisa: nani ayafungue, mkiwa wapi, na kama anataka uwepo. Mume wangu anataka afungue mwenyewe, peke yake, halafu aniite. Mi ningependa tofauti, lakini siyo mimi niliyetolewa tezi dume.

Niwaeleze kidogo kwa wasiojua. Alitolewa tezi dume yote kwa ajili ya saratani miaka 3 kabla ya hapo. PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume, kwa hiyo tezi ikishatolewa inatakiwa ishuke ndani ya wiki 6 mpaka 8 hivi hadi kipimo kisiione kabisa. Ndo maana ile 4 ambayo watu wengi wanaijua kama mpaka wa kawaida haimhusu tena mtu aliyefanyiwa operesheni, kwake yeye tunaongelea tarakimu za baada ya nukta. Ikifika 0.2, na ikirudiwa ikawa tena 0.2 au zaidi, madaktari wengi wanasema ugonjwa umerudi kwa mujibu wa kipimo cha damu, hata kama hakuna skani inayoonyesha uko wapi na mwenyewe anajisikia mzima wa afya. Hapo ndo penye mateso. Haumwi popote, anakula, analala, anaenda kazini, ila kuna karatasi inasema kuna kitu.

Ana daftari lake la namba. Tarehe kushoto, namba kulia. Za mwanzo zote zimeandikwa "chini ya 0.01" na kila moja kaipigia mstari mara 2, kwa rula. Halafu inakuja 0.08, halafu 0.12 miezi 6 baadae, hizo hazina mstari. Ile 0.21 aliiandika usiku ule ule mbele yangu, taratibu, kama mtu anayesaini kitu.

Kabla hamjaanza kulia, rudieni kipimo. Sisemi mjidanganye, nasema namba moja peke yake haitoshi, na kirudiwe maabara ile ile kwa sababu mashine za maabara tofauti zinaweza kutofautiana na kwenye namba ndogo namna hii tofauti kidogo tu inawachanganya mkadhani imeruka au imeshuka. Na mwambieni daktari kila kidonge anachomeza, hata vya lishe, maana kwa mfano biotini, ile vitamini, ya dozi kubwa inaweza kuvuruga baadhi ya vipimo vya damu. Dawa za mitishamba za shemeji na za jirani pia mzitaje, hata kama mnaona aibu. Sisi tuliambiwa tusubiri wiki 6 ndo kirudiwe.

Wiki 6 zile jamani.

Nilikuwa namwangalia kama mtu anayeangalia maziwa jikoni yasimwagike. Akikohoa nageuka, akiamka usiku kwenda chooni nahesabu dakika, akishika kiuno nimeshaona. Mi nikidhani ndo mapenzi. Kumbe yeye akaanza kuficha, akiwa na uchovu anajikaza, akijisikia vibaya anatoka nje, na siku moja akaniambia, "ukiniangalia hivyo najiona maiti". Mtu anayesubiri majibu anataka sehemu moja duniani ambako bado ni mtu wa kawaida, na sehemu hiyo inatakiwa iwe nyumbani kwake. Tukakubaliana Jumapili jioni ndo muda wa ugonjwa. Tunakaa, tunaongea yote, hofu, maswali, hela, nani aambiwe nini, na tukimaliza tumemaliza, siku nyingine simuulizi mpaka aanze yeye. Wiki ya kwanza nilijing'ata ulimi mpaka basi. Ya tatu akaanza kunitafuta mwenyewe katikati ya wiki.

Na kuhusu maneno. Mi nilikuwa bingwa wa "utapona tu, usiwaze". Kila nikisema hivyo anaitika "sawa" na maongezi yanaishia hapo. Nilikuja kugundua lile neno lilikuwa dawa yangu mimi, namnyamazisha ili mi nisiogope. Usiku mmoja nikashindwa, nikamwambia ukweli, "baba watoto, hata mi naogopa". Alikaa kimya muda mrefu, akanishika mkono, halafu ndo akaanza kuongea, na alichokuwa anakiogopa wala siyo kifo, nilikuwa nimekosea kabisa. Alikuwa anaogopa kurudi kwenye pedi.

Aliyepitia ataelewa. Baada ya operesheni alikaa na mpira wa mkojo, ulipotolewa mkojo ukawa unavuja, akawa anavaa pedi, mwanaume mzima anajikagua suruali kila akisimama kwenye kiti. Alifanya yale mazoezi ya kubana misuli ya nyonga kila siku kwa miezi, na siku ya kwanza alipotoka bila pedi alirudi nyumbani anatabasamu kama mtoto aliyefaulu. Na chumbani vilevile, tendo la ndoa lilichukua zaidi ya mwaka kurudi, na halikurudi kama zamani, tulijifunza upya. Sasa anasikia habari za mionzi na sindano za kushusha homoni za kiume anaona yote yale yanachukuliwa tena. Kama ningeendelea na "utapona tu" nisingejua kamwe, ningekuwa namfariji kwa jambo ambalo wala halimuumizi.

Niliingia pia kwenye kusoma soma usiku. Nikakuta utafiti wa Johns Hopkins wa Marekani, ulitoka 1999 kwenye jarida la JAMA, walifuatilia karibu wanaume 2,000 waliotolewa tezi dume, na wale ambao PSA ilipanda na hawakupewa tiba mapema, muda wa kati mpaka saratani ionekane imesambaa ulikuwa miaka 8. Miaka 8! Mi nilipumua kwa mara ya kwanza baada ya wiki 3, nikamwamsha nimsomee. Akasikiliza akasema, "kwa hiyo nina miaka 8?" Nikajuta. Mimi niliona muda, yeye akaona mwisho wa muda, kwenye namba ile ile moja. Tangu siku hiyo nauliza kwanza, nimesoma kitu, unataka kujua? Na mara nyingi anasema hapana, basi nakibeba mwenyewe nakipeleka kwa daktari kama swali.

Kipimo cha marudio kikatoka 0.22. Alifungua mwenyewe, akaniita.

Siku ya kwenda kwa daktari nendeni wawili na maswali yawe yameandikwa, maana pale ndani masikio yanaziba. Gawaneni kazi, yeye aongee na we uandike, na usimjibie hata kama anachelewa kujibu. Yaliyotusaidia sisi ni kuuliza PSA inajirudufu kwa muda gani, yaani inachukua miezi mingapi kufika mara 2 yake, kwa sababu inayopanda polepole na inayopanda haraka hazichukuliwi sawa. Tukauliza ripoti ya nyama iliyotolewa wakati wa operesheni ilisemaje, Gleason, yaani alama ya ukali wa saratani, ilikuwa ngapi, na kingo za ile nyama zilikuwa safi au zilikuwa na seli za saratani. Na swali alilouliza yeye mwenyewe, ambalo mi nisingethubutu: hii tiba lengo lake ni kuimaliza au kuizuia tu? Daktari akasema kwa namba iliyo chini hivi lengo bado ni kuimaliza, na kwamba mionzi ya eneo ilipokuwa tezi inafanya kazi vizuri zaidi ikianza mapema, PSA ikiwa bado haijavuka 0.5. Niliona mabega yake yakishuka. Kumbe muda wote alidhani kurudi maana yake ndo basi.

Alifanyiwa PET skani ya PSMA pia, ile inayotafuta seli za saratani ya tezi dume mwilini, haikuonyesha kitu. Msishangae na msishangilie sana, PSA ikiwa chini hivyo ile skani mara nyingi haioni, haimaanishi hakuna. Sisi tulishangilia, tukapiga simu kwa ndugu, halafu tukaanza upya kuwaeleza kwamba mionzi iko pale pale. Ndugu wanachosha bila kukusudia, chagueni mtu mmoja awe anatoa habari, siyo mgonjwa, na ikiwezekana siyo wewe.

Kwake daktari aliona mionzi peke yake inatosha, wengine wanaongezewa sindano za homoni za miezi 6 au zaidi, na hizo zinakuja na joto la ghafla, uchovu, hamu kuisha, hasira za karibu, mjiandae wote 2. Mionzi ilikuwa Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki 6 na nusu. Kitu ambacho hakuna aliyetuandaa nacho ni yale maji. Kibofu kinatakiwa kijae na utumbo uwe mtupu kabla ya kulala kwenye mashine, sasa mtu ambaye amepigania mkojo wake tone kwa tone anakunywa nusu lita, anakaa kwenye benchi, na mashine inachelewa. Siku moja ilichelewa dakika 40. Alikuwa amebana magoti, jasho linamtoka usoni, anaangalia saa ya ukutani. Sikumwambia jikaze. Nilienda kwa nesi nikamwambia mume wangu hawezi kusubiri zaidi, nesi akamruhusu apunguze kidogo akaanza upya, na kumbe inaruhusiwa tu, ni kuuliza. Nilibeba suruali ya akiba kwenye begi langu wiki zote 6 na sikumwambia mpaka tulipomaliza.

Na wewe unayeuguza, tafuta mtu wa kumlilia ambaye siyo yeye. Mi nilikuwa na dada yangu, nampigia nikiwa njiani, nalia, nanawa uso, naingia ndani. Kichwa kiliniuma mwezi mzima nikidhani ni malaria, ilikuwa ni kutolala.

Baada ya mionzi PSA inashuka polepole, haidondoki siku moja, kwa hiyo kusubiri kuko pale pale. Ya kwanza ilikuwa 0.09. Pedi alivaa tena kama wiki 4 akaacha. Namba ya simu kwenye faili tulienda kubadilisha pamoja, sasa ni yake. Kipimo cha juzi sikujua kama kimetoka, niliingia chumbani nikakuta daftari liko wazi juu ya meza ya pasi, 0.04, rula iko pembeni. Bado hajaipigia mstari.