Waachie Usukani Kwanza

Juzi msomaji mmoja mwenye kundi la boti za umeme kaniandikia: "Kaka, tulianza watu arobaini, leo tumebaki wanne. Tumekosea wapi?" Ujumbe ule niliusoma mara tatu, maana hayo yalishanikuta.

Kundi langu la kwanza la boti za umeme nililiua kwa mdomo wangu. Kila tulipokutana, nilihutubia. Moshi, mafuta yanayomwagika majini, kelele. Niliwasimulia jinsi mvumbuzi Mfaransa Gustave Trouvé alivyoendesha boti ya umeme kwenye mto Seine, Paris, mwaka 1881, miaka mitano kabla Mjerumani Daimler hajafunga injini ya petroli kwenye boti yake. Yote kweli. Lakini wenye injini za petroli niliwaita wachafuzi mbele ya wenzao, na mmoja wao alikuwa rafiki yangu, mtu aliyenifundisha kuegesha boti upepo ukiwa mkali. Aliinuka, akachukua kofia yake, akaenda. Hajarudi mpaka leo, na bado inaniuma.

Kilichotumaliza ni umbali. Muuzaji wa betri alituhakikishia tungekwenda kilomita hamsini kwa chaji moja, nami nikawapa wenzangu neno lake bila kulipima. Siku ya safari yetu kubwa boti tatu zilizimika katikati ya maji. Tulivutwa kwa kamba na boti ya petroli, kimya kimya. Wiki iliyofuata walikuja watu sita.

Muuzaji hakuwa amesema uongo kamili. Boti yangu ina urefu wa mita tano na betri ya lithiamu ya volti 51, inayohifadhi kama kilowati-saa tano hivi, yaani umeme wa kutoa wati 5,000 kwa saa moja. Nikienda kilomita tano kwa saa, mota inakula wati 500 tu. Saa kumi hizo, kilomita hamsini zinatimia. Ila ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu inayotakiwa inapanda karibu mara nane. Kwa kilomita kumi kwa saa betri ileile inakwisha baada ya saa moja na robo, ukiwa umekwenda kilomita kumi na mbili na ushee. Sisi siku ile tulikuwa tunashindana!

Nikaanza upya na watu watatu na daftari moja. Tukitoka, mmoja anasoma wati, mwingine anasoma mwendo, wa tatu anaandika. Mgeni akija simwelezi kitu. Namkalisha nyuma, namkabidhi usukani, nanyamaza. Injini ikishazoeleka masikioni, mtu hajui kama maji yana sauti. Hapa anayasikia yakipasuka omoni, anasikia ndege, anasikia mwenzake akiongea bila kupaza sauti. Nimewaona watu wazima wakipunguza mwendo wenyewe ili wasikie zaidi. Hotuba zangu zote hazikuwahi kufanya kazi hiyo.

Mambo mabaya nayo tunayaleta mezani. Mwenzetu mmoja aliwahi kuja na kichwa cha waya kilichoungua, plastiki imeyeyuka na kuganda kama nta, kwa sababu nati ililegea na chumvi ikaingia. Tulikizungusha mkono kwa mkono. Jioni ileile kila mmoja alikwenda kukaza nati zake, na aliyekileta ndiye sasa anakagua nyaya za boti zote kabla ya safari. Hajakosa hata mara moja.

Jumamosi iliyopita zilitoka boti kumi na tisa, na zote zikarudi zenyewe. Nilisimama gatini nikizihesabu moja moja, na sioni haya kusema nilijivunia.

Kwa hiyo ndugu yangu, wale wanne wanakutosha. Acha kuwatafuta thelathini na sita walioondoka. Pimeni boti zenu, andikeni namba za kweli, za aibu pia. Kila mtu mpeni kazi yake: huyu chaji, huyu nyaya, huyu maboya ya kuokolea. Msimtukane mwenye petroli; mwalikeni, mpeni usukani. Wekeni siku moja isiyobadilika, na mtoke hata mkiwa wawili. Na kabla ya yote, kama kuna mtu mliyemuudhi, mfuateni kwake wiki hii. Mimi nilingoja mwaka mzima ndipo nikabisha hodi kwa yule rafiki yangu, na alinijibu akiwa ndani, bila kufungua mlango.