Usizungushe flapu kabla ya majibu

Jumanne niliingia thieta nikakuta mama mmoja ameshapigwa ganzi, uvimbe wa shavuni umeshatoka, na kijana wangu wa mafunzo ameshika kalamu anachora flapu kuelekea sikioni, ile ngozi ya jirani inayozungushwa kuziba pengo ikiwa bado imeshikwa upande mmoja. Mchoro ulikuwa safi kabisa. Nikauliza, majibu ya kingo yako wapi, yaani maabara imesema pembezoni mwa uvimbe hakuna saratani? Kimya. Sista wa vyombo akainamisha macho, maana tumefanya kazi pamoja miaka mingi na anajua kinachofuata. Nikasema kidonda kiwekwe gauzi ya vaselini, kifungwe, mama arudi wodini. Yule kijana alinitazama kama mtu aliyenyang'anywa tonge mdomoni.

Ndiyo maana naandika. Kila mwaka wanakuja madaktari tarajali na wale wanaosomea ubingwa, wana mikono myepesi kuliko tuliyokuwa nayo sisi, na wanatumbukia shimo lilelile. Wadogo zangu, nawapenda. Nisingewapenda nisingewapigia kelele.

1. Kinyama ulichokata kiende maabara na maelezo yake. "Kidonda usoni" si maelezo. Mtu wa patholojia hajamwona mgonjwa. Weka uzi mfupi juu, uzi mrefu upande wa nje, chora uso kwenye fomu, andika kulia au kushoto. Akikujibu kwamba ukingo mmoja bado una saratani na wewe hukuweka uzi, utarudi kukata wapi?

2. Chora kabla ya ganzi. Ukishajaza dawa ya ganzi, lidokeini, kwenye mdomo, ule mstari wa wekundu unapotea, na mshono ukipishana hata milimita 1 pale, kila atakayeongea na mgonjwa wako atauona. Saratani ya ngozi aina ya besali, ndogo yenye mipaka inayoonekana, pima milimita 4 za ngozi nzima kuizunguka; aina ya skwamasi ya hatari, 6 au zaidi. Dozi ya lidokeini hesabu kwa kilo, usikadirie kwa macho: miligramu 7 kwa kilo ndiyo mwisho, na ni kama ina adrenalini.

3. Usizungushe flapu kabla ya majibu. Hapa naomba mnivumilie, nitakuwa mrefu.

Miaka 11 iliyopita, nikiwa na mwaka mmoja tu tangu nimalize masomo, nilipokea kijana mwenye ualbino, umri miaka 27, mvuvi wa Ziwa Victoria. Mnajua jua la ziwani: linakupiga kutoka juu, halafu linakupiga tena kutoka kwenye maji. Alipanda mtumbwi, akapanda basi usiku kucha, akafika amefunga kipande cha kitenge kuanzia kidevuni hadi utosini kuficha kidonda cha sentimita 3 mbele ya sikio la kushoto. Majibu ya kinyama yalikuwa skwamasi. Akaniomba kitu kimoja: asirudi mwaloni na shimo usoni, kwa sababu watoto walikuwa wameanza kumkimbia.

Nilimwonea huruma, na huruma ile nikaiacha ishike kisu. Nilikata milimita 4 mahali palipotaka zaidi, kwa sababu pengo dogo lingefungika vizuri na kwa sababu niliiogopa neva ya uso, ile inayosogeza mdomo na kope. Chini kabisa, juu ya tezi ya mate, paliachwa doa jeupe, gumu kidogo, ukubwa wa punje ya mchele. Niliona. Nililigusa kwa koleo, nikalisikia gumu. Nikajiambia ni kovu la kinyama cha kwanza, na kabla sijajiuliza mara ya pili nilikuwa nimeshachora flapu yenye umbo la msambamba. Nikaizungusha, nikashona kwa uzi mwembamba wa nailoni 6-0, ikalala kama ngozi iliyozaliwa pale. Mkubwa wangu alipita akasema safi. Siku ya 5 nikatoa nyuzi, kijana akajitazama kwenye kioo cha wodini muda mrefu, akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Kile kitenge akakikunja, akakitia mfukoni.

Majibu yalikuja wiki ya 5. Ukingo wa ndani una saratani. Nilipiga simu yake mara tatu kwa siku mbili, haipatikani. Nikaandika kwenye faili "hapatikani kwa simu", nikaweka sahihi, nikaendelea na raundi.

Alirudi baada ya miezi 9. Flapu ilikuwa nzuri vilevile, kovu jembamba huwezi kuliona ukiwa mlangoni. Lakini mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja, jicho la kushoto halifumbi, na nilipoweka kidole chini ya kazi yangu nzuri nikakuta jiwe. Sasa nisikilizeni hapa, maana hili darasani huwa linapitwa haraka. Sikujua pa kukata. Ngozi iliyokuwa chini ya sikio nilishaihamishia shavuni, ukingo wa zamani nilishautawanya kwenye kidonda chote, na lile doa langu la punje ya mchele lilikuwa popote chini ya flapu. Ilibidi tutoe flapu yote, tezi ya mate, neva, na tezi za shingo. Siku moja kabla ya upasuaji ule aliniuliza kama ni kosa lake, kwa kuwa kofia ilimponyoka majini akavua wiki mbili kichwa wazi. Nikamwambia hapana, kosa ni langu, na nikamweleza lote, pamoja na lile doa. Alikaa kimya, kisha akaniuliza tunaanza saa ngapi.

Alifariki mwaka uliofuata. Baba yake ndiye aliyenijulisha, kwa simu yake mwenyewe. Nilipofungua faili kuandika taarifa, niliikuta namba ile ile ya baba kwenye ukurasa wa kwanza, imeandikwa tangu siku mwanawe alipopokelewa. Sikuwahi kuipiga.

Kwa hiyo: toa uvimbe, funga gauzi, ngoja. Kidonda wazi cha usoni kinachobadilishiwa dresingi vizuri kinakaa wiki 2, wiki 3, kikiwa chekundu na kisafi, na kingo zako zote ziko mahali ulipoziacha. Mgonjwa ametoka mbali na unajua hatarudi? Weka grafti nyembamba, yaani ngozi iliyokatwa kabisa kutoka sehemu nyingine, saratani ikirudi chini yake utaiona mapema. Penye bonde, kama pembeni ya jicho kwenye mzizi wa pua au kwenye panja, mara nyingi kidonda kidogo hujifunga chenyewe vizuri. Na namba za simu, andikeni tatu, mzipige zote.

4. Kope la chini: uzito wa mshono uvute kwa mlalo, kamwe usivute kwenda chini. Kabla hujafunga, mwambie mgonjwa atazame juu na kufungua mdomo. Kope likishuka, fumua.

5. Flapu ya paji kwa ajili ya pua: ngozi ya paji inashushwa kutengeneza pua, ikibaki imeshikwa kwa shina kati ya nyusi. Wahindi waliifanya karne nyingi kabla yetu, na mwaka 1794 gazeti moja la London lilipochapa picha ya mtu aliyetengenezewa pua hivyo, madaktari wa Ulaya wakashtuka. Shida yenu si kukata, ni kueleza. Mnamwacha mgonjwa aamke na shina hilo, kama mkonga, katikati ya nyusi bila kumwandaa. Bibi mmoja wa Kichaga, nilipomweleza kwamba damu inapita kwenye ule mkonga kwa wiki 3 hadi pua ishike yenyewe, alinikatiza: "Mwanangu, si useme ni mfereji? Unamwagilia shamba jipya. Ukiuziba mapema, migomba inakauka." Akaenda kanisani nao Jumapili mbili, amevaa kitambaa kichwani, na kila aliyeuliza akamweleza habari za mfereji. Tangu siku hiyo sielezi kwa namna nyingine.

6. Grafti ya nyuma ya sikio: kwangua mafuta yote, ifunge kwa mto wa pamba, na usifunue kuchungulia kabla ya siku ya 5. Nawajua.

7. Mtu mwenye ualbino akija na kidonda shavuni, mvue kofia, tazama masikio, shingo ya nyuma, mikono. Asitoke wodini bila kofia ya ukingo mpana na losheni ya jua. Losheni ya Kilisun inatengenezwa hapa hapa nchini, hospitali ya KCMC Moshi, kwa ajili yao. Ukimruhusu na nyuzi zimetoka lakini kichwa wazi, utaonana naye tena.

Yule mama wa Jumanne yuko kitanda namba 4. Kidonda kinapendeza, analala vizuri, anasumbua tu kuhusu chai haina sukari. Nimepiga simu maabara, wanasema Alhamisi. Dresingi yake ya kesho saa 2 asubuhi ni zamu ya yule aliyechora, na ile karatasi ya mchoro aitunze, kingo zikiwa safi tutaitumia.